Laini Yenye Jina Langu

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
Januari 18, 2025

Kaka Revelian,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba miguu ya Bibi haimsumbui sana. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto. Mama amefungua shule na mwaka huu amepewa darasa la pili. Anasema watoto ni wengi mpaka wengine wanaandikia magotini. Akirudi nyumbani hana sauti, lakini kila jioni anakutaja. Amewaambia wanawake wa jumuiya ya kanisani kwamba umekwenda Kamachumu kumsaidia Bibi kupalilia migomba, nao wakamsifu kwa kulea mtoto wa kiume anayekumbuka kwao.

Mimi nipo tu nyumbani nangoja matokeo. Napika, nafua, nasoma magazeti ya zamani.

Naandika barua kwa sababu ulisema nisikupigie, na hata nikijaribu simu yako haipatikani. Nimempa Theonest, yule mpangaji wa chumba cha uani ambaye ni kondakta wa basi la Bukoba. Amesema ataishusha Muleba kwenye lile duka la mbegu, na wewe ukiandika uiache hapo hapo.

Kaka, Jumanne walikuja watu wawili, mwanaume na mwanamke, askari lakini hawakuvaa sare. Mama alikuwa kazini. Waliniuliza kama mimi ndiye Kokuberwa. Nikasema ndiyo. Yule mwanamke akanionyesha namba ya simu kwenye karatasi.

"Hii ni yako?"

Nikaitazama ile karatasi. Akasema, "Binti, hilo ni swali jepesi kabisa."

Nikamwambia simu yangu haina namba hiyo. Ni kweli haina, lakini hakuwa ameuliza hivyo. Walitazamana, wakasema watarudi.

Ile namba ni ya laini tuliyosajili mimi na wewe mwaka jana, likizo ya Aprili, nilipokuwa nimepata tu namba ya kitambulisho cha taifa. Uliniambia laini zako zimejaa na mfumo unakataa kukuongezea nyingine. Tulikaa chini ya mwavuli wa wakala pale Rangi Tatu, na mashine ikawa haisomi kidole changu kwa sababu ya jasho. Wakala akakifuta kwa shati lake. Wewe ukacheka, ukasema, "Huyu anaogopa hata mashine." Sikukuuliza laini ni ya nini. Uliniambia ni ya kazi, nami nilifurahi kwamba kuna kitu ninacho ambacho wewe unakihitaji.

Sasa naomba nikuulize. Ilikuwa ya kazi gani?

Mpe Bibi salamu zangu.

Mdogo wako,
Kokuberwa


Kamachumu, Muleba.
Februari 2, 2025

Mdogo wangu Koku,

Marahaba. Barua yako nimeipata dukani pamoja na kilo ya misumari ya Bibi. Bibi mzima wa afya na mbishi kuliko ulivyomwacha. Jina langu hapa ni "Mjini." Mjini kateke maji, Mjini unapalilia kama unapapasa ukuta gizani. Mikono imeota sugu. Mtandao haupo mpaka upande kilima cha kanisa, na mie sipandi.

Sasa hiyo ishu. Kwanza acha kutetemeka, najua unatetemeka hapo ulipo. Sijaiba kitu cha mtu.

Ni poka, mchezo wa karata, unachezwa kwenye simu. Unapewa karata zako mbili, nyingine zinafunuliwa mezani kwa wote, unaweka dau au unaacha. Watu wanaita kamari kwa sababu hawajui. Kamari ni kurusha sarafu ukafumba macho. Poka ni hesabu, na unajua mimi hesabu nilikuwaga wa kwanza toka darasa la tatu. Tatizo ni kwamba meza zenyewe ziko nje ya nchi, zinataka dola, na jamaa zetu wa Mtoni, Mbagala mpaka kule Wazo hawajui pa kuanzia. Nilichofanya ni kuwasaidia. Mtu ananitumia shilingi, mimi namwekea salio mezani. Akishinda, namrudishia shilingi zake. Fundi tu, kama fundi bomba.

Na ule mtandao una leseni. Nimeiona kwa macho yangu chini kabisa ya ukurasa, ya kisiwa fulani huko. Hebu niambie, vijana wanatengeneza mikeka ya kubeti mpira kila kona, vibanda vya kubeti vimejaa mpaka karibu na lango la kanisa, hakuna anayeulizwa. Karata ndiyo imekuwa dhambi?

Wakirudi waambie laini iliibiwa Mtoni, pamoja na simu. Basi. Hawana muda na wewe, wana kesi kubwa. Mama asijue, presha yake unaijua. Pasaka nakuja, nitakwenda mwenyewe kituoni nimalize kila kitu.

Nimempa Theonest mkungu mmoja. Aliyeukata ni mimi, mwambie Mama.

Kaka yako,
Reve


Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
Februari 22, 2025

Kaka Revelian,

Shikamoo. Ndizi zilifika, nyingine zilikuwa zimeiva njiani. Mama alipika zote siku ile ile na kuwagawia majirani, huku akisema zimekatwa na mwanawe.

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Mama aliwapigia watu wote simu, alipofika kwenye jina lako akakumbuka hupatikani, akaendelea na jina linalofuata. Anatumaini nitachaguliwa kidato cha tano. Mimi pia natumaini. Nataka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, ili baadaye niwe mwalimu, ingawa Mama anauliza mwalimu gani asiyetoa sauti.

Walirudi, na safari hii walinipa karatasi ya kwenda kituoni. Nilikwenda peke yangu kwa sababu ulisema Mama asijue. Aliyenihoji anaitwa Afande Gervas. Ni mtu mzima, mpole, alinipa kiti na kuniuliza kama nimekunywa chai.

"Laini hii iko wapi, mwanangu?"

"Iliibiwa."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Siku gani?"

Kaka, hukuniambia siku gani. Nikasema sikumbuki.

"Ulitoa taarifa? Ile karatasi ya upotevu unayo?"

Nikanyamaza. Unanijua nikinyamaza, siwezi tena kufungua mdomo hata nikitaka. Kwenye ripoti za shule waliandika kwamba ni mkimya na mwenye adabu. Afande Gervas hakuiona adabu. Aliandika kitu, akafunga jalada, akasema kwa upole ule ule, "Laini ya kuibiwa haiwasalimii watu kila asubuhi kwa jina lako."

Sikuelewa mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa nafua, akaja mtu na aproni ya kukaangia chipsi, hata hakuivua. Akasema anamtafuta Dada Koku. Nikasema ni mimi. Alicheka kwanza.

"Wewe? Katoto haka? Mbona kwenye simu una maneno kama mshereheshaji, hapa unanitazama kama nimekuja kukuposa?"

Anaitwa Mbwana, ana kibanda cha chipsi Mtoni. Alikaa juu ya ndoo, akatoa simu yake, akanisomea. Nilizisoma na mimi kwa macho yangu. "Asubuhi njema kaka yangu Mbwana, Mungu akutangulie. Meza ya leo ina watu wapole, karibu." Na nyingine, "Pole sana kaka yangu, jana karata zilikukataa. Usikate tamaa, dada yako Koku nipo." Alipofiwa na mama yake Dada Koku alimtumia rambirambi ndefu. Kila alipotuma fedha jina langu lilitokea lote kwenye simu yake, langu, la Baba na la ukoo, na ndiyo maana haikuwa kazi kuniulizia mtaani.

Alisema mwanzoni alikuwa anatuma kwa wakala mwingine, mwanaume, akamwacha. "Nilijua mwanaume anakimbia. Dada wa watu atakimbilia wapi?" Mwezi wa kumi na moja alishinda sana. Akaomba malipo. Dada Koku akamwambia avumilie, avumilie, kisha Desemba akaacha kujibu.

Nilidhani atanipiga. Aliniuliza tu, "Dada, nilikukosea nini?"

Alisubiri, akasimama, akaondoka.

Kaka, maishani mwangu sijawahi kumwita mtu "kaka yangu" isipokuwa wewe.

Naomba usingoje Pasaka. Njoo useme kwamba laini ilikuwa kwako. Sitaki kitu kingine.

Mdogo wako,
Kokuberwa


Kamachumu, Muleba.
Aprili 6, 2025

Mdogo wangu Koku,

Marahaba. Usinihesabie siku, barua yako ilikaa dukani muda mrefu kwa sababu mvua ilikata barabara ya chini. Huku mnyauko umeingia kwenye migomba. Ukikata mkungu unakuta ndani umeoza, nje unapendeza. Tumeng'oa shina upande wote wa kaburi la Babu. Bibi anachoma tu.

Hongera kwa daraja la pili. Nilimwambia Bibi akapiga vigelegele peke yake.

Kuhusu jina. Mwanzoni nilitumia langu, watu hawakutuma. Siku moja mtu akauliza, "Naongea na dada mwenye laini?" Nikajibu ndiyo. Akatuma papo hapo, akaniletea na wenzake. Ndivyo watu walivyo, si mimi niliyewaumba. Sikukuchafua, Koku. Zisome zile meseji vizuri. Dada Koku hakuwahi kumtukana mtu. Alikuwa mtu mzuri kuliko mimi, na kuna siku nilikuwa nafurahi kuamka niwe yeye.

Hela ya Mbwana sikuila. Ipo. Iko kule kwenye akaunti, pamoja na yangu na za wengine. Alivyoshinda yeye ilikuwa halali kabisa, na mimi mwenyewe usiku huo nilikuwa nimeshinda. Tulipotaka kuitoa wakasema kuna uhakiki. Kitambulisho na picha ya uso. Akaunti ina jina lako, uso ni wangu. Wakaifunga. Niliwaandikia, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ile ile, maneno yale yale.

Unaweza kusema ningelalamika. Wapi? Kuna Bodi ya michezo ya kubahatisha, najua. Ningeingia pale ningeanza na neno gani? Kwamba kampuni isiyojulikana hapa imenidhulumu kwenye mchezo ambao sikuruhusiwa kuuendesha, kwa jina ambalo si langu? Hata kile kisiwa cha leseni nilikiandikia. Sijui kama kuna mtu anaishi huko.

Nitakuja. Nimesema Pasaka, ni Pasaka. Ila usilitaje jina langu kabla sijafika. Ukilitaja itaonekana nimekimbia, nikija mwenyewe itaonekana nimejisalimisha. Ni vitu viwili tofauti kabisa kisheria.

Reve


Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
Mei 18, 2025

Kaka Revelian,

Shikamoo. Poleni kwa migomba. Mama aliposikia habari ya upande wa kaburi aliacha kula.

Pasaka tuliisherehekea vizuri. Mama alinunua jogoo, kwa sababu nilimwambia kwamba pengine utakuja. Alikupakulia, akaifunika sahani kwa kawa. Jumatatu nilikula mimi.

Mama ameshajua. Sikumwambia. Mwenyekiti wa mtaa alileta wito wa mahakama akanikosa, akampelekea Mama shuleni, akamkabidhi ofisini mbele ya walimu wenzake. Alirudi nyumbani mapema, bado ana chaki mikononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, akaenda kulala saa kumi jioni.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria anayekuja ofisi ya serikali ya mtaa. Anaitwa Wakili Zubeda. Anaongea haraka na anakula karanga huku anasoma majalada. Nilimweleza yote uliyoniandikia, ya hesabu, ya leseni ya kisiwa, ya mikeka ya mpira. Hakucheka. Alisema wengi wanakuja na maneno hayo hayo.

"Sikiliza, mdogo wangu. Michezo ya kubahatisha nchini haijapigwa marufuku. Imewekewa leseni. Vile vibanda unavyoviona vya kubeti vinatakiwa kuwa nayo. Leseni ya kisiwa ni ya kisiwa. Na sheria haiulizi kama karata ni hesabu au ni bahati, inauliza nani alikuwa anapokea fedha za watu na nani alimruhusu."

Nikamuuliza kuhusu Mbwana, aliyecheza tu.

"Huyo atakuwa shahidi. Fedha yake asahau. Hakuna mahakama itakayomsaidia kudai ushindi wa meza isiyoruhusiwa."

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja. "Nani alikuwa anaishika hiyo laini?"

Akaweka karanga chini.

"Laini ikisajiliwa kwa kidole chako ni yako, na kinachofanywa nayo wewe ndiye unayeulizwa. Lakini akija mwenye kuitumia akasimama akasema ni mimi, kesi inageuka inamwelekea yeye, na wewe unabaki na kosa dogo la kuazimisha, pengine wakuonye tu. Asipokuja, na wewe ukamficha, basi Dada Koku ni mmoja, naye ni wewe."

Nilirudi nyumbani na furaha kidogo, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi. Nikamweleza Mama. Mama alikuwa anasahihisha madaftari. Aliendelea kuweka vema, vema, kosa, bila kuniangalia, kisha akasema, "Usimtaje kaka yako."

Nikasema, "Mama, anakuja mwenyewe."

"Akija, sawa. Asipokuja usimtaje. Wewe ni mtoto wa kike, hujawahi kuwa na doa, una uso wa huruma. Hakimu atakuonea huruma. Reve watamfunga, Koku. Baba yenu aliniachia mtoto mmoja wa kiume."

Nilitandika vitanda.

Afande Gervas amenipa dhamana, Mama ndiye mdhamini wangu. Kesi itasomwa Julai 14. Ni Jumatatu. Basi la Ijumaa likitoka Muleba unafika Jumamosi, unapumzika Jumapili. Nimemuuliza Theonest, amesema nafasi utapata na atakushusha Mbezi bila nauli.

Kaka, sikukasirikii. Nataka tu uje.

Mdogo wako,
Kokuberwa


Kamachumu, Muleba.
Juni 22, 2025

Mdogo wangu,

Bibi ameanguka akitoka kisimani, mguu umevimba, hawezi kwenda hata uani bila kushikwa. Hapa hakuna mwingine ila mimi. Kahawa nayo imeanza kuiva na vibarua ni wezi.

Usidhani sijajaribu. Mwezi uliopita nilifika Muleba stendi na begi. Basi lilikuja, watu wakapanda, likaondoka. Sijui nikuelezeje. Miguu iligoma tu.

Julai haitawezekana. Mama yuko sahihi, wewe watakuhurumia, mimi wangenifanya mfano. Mwambie wakili aombe tarehe nyingine, wanazo njia zao. Kahawa ikiuzwa nitatuma kitu, na shule yako nitailipia mimi mpaka chuo. Hilo liandike.

Usitaje jina langu kwenye barua tena. Theonest ana macho.

R.


Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
Julai 20, 2025

Kaka,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu kwa afya ya Bibi. Theonest alimwona gulioni Jumatano ile kabla ya kesi, amejitwisha gunia la buni mwenyewe na kumkemea mpima mizani. Mama alifurahi sana. Hakuniuliza kuhusu mguu, nami sikumwambia kuna barua iliyotaja mguu.

Nilichaguliwa kidato cha tano, HKL kama nilivyoomba, shule ya wasichana mkoani Njombe. Majina yalitoka siku chache baada ya barua yako. Wenzangu walianza kuripoti mwanzoni mwa mwezi huu. Mama alimpigia mkuu wa shule akasema nina homa, akapewa mpaka mwisho wa mwezi. Tulikuwa tumeshanunua sanduku, godoro na sare mbili.

Sasa nikueleze kesi, ingawa unaifahamu kwa sehemu.

Tulifika mapema. Wakili Zubeda alinikuta kwenye benchi la nje akanifundisha. Karani atasoma, mimi nitasema si kweli, yeye ataomba muda, na katika muda huo nitaandika maelezo mapya yenye jina la mtu. "Neno moja tu, Koku. Si kweli. Unaweza?" Nikasema naweza. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu ameshika rozari. Mbwana naye alikuwepo, safari hii bila aproni, amevaa kanzu safi. Alinisalimia, "Habari za asubuhi, binti." Haniiti tena Dada Koku.

Tukaingia. Chumba ni kidogo na madirisha yake yanafunguka kwenye uwanja ambako watu wanangoja zamu zao. Hakimu ni mwanamke, ana miwani ya kuning'iniza. Jina langu likaitwa, nikasimama kizimbani, na hapo ndipo nilipogeuka upande wa dirisha.

Nilikuona.

Umekonda. Ulikuwa na kofia ya bluu na koti lile la Baba. Ulikuwa umesimama nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mkono wako umeshika nondo ya dirisha. Sijui ulikuja na basi gani, si la Theonest. Kaka, sijawahi kufurahi namna ile. Nilisahau kabisa kwamba ninashtakiwa. Nilidhani unangoja tu karani amalize kusoma.

Karani akasoma. Kwamba mimi Kokuberwa nilisajili laini ya simu kwa jina langu, nikaiacha itumike kupokea fedha za watu kwa ajili ya mchezo wa kubahatisha usio na leseni. Akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Nikakutazama. Wewe pia ulikuwa unanitazama.

Nikangoja. Hakimu akasema, "Binti, unasikia?" Wakili Zubeda akakohoa. Nikaendelea kungoja, kwa sababu kutoka dirishani mpaka mlangoni ni hatua chache tu na nilidhani unazunguka. Kisha nikaona umeinamisha macho. Ulikuwa unatazama chini, kwenye viatu vyako au kwenye vya yule mama, sijui.

Nikasema, "Ni kweli, Mheshimiwa."

Wakili aliinuka haraka, akasema mteja wake hajaelewa. Hakimu alikuwa mvumilivu. Alinisomea tena yeye mwenyewe polepole, neno kwa neno. Kila neno lilikuwa kweli. Nilisajili. Niliiacha itumike. Ili niseme si kweli ilibidi niseme nilimwachia nani, na wewe ulikuwa pale, na Mama alikuwa pale.

Hakimu akaniuliza, "Nani alikuwa anaitumia hii laini?"

Mama hakukuona. Alikuwa amefumba macho anasali. Ningetaja jina tu ungekamatwa hapo hapo kwenye nondo.

Nikasema, "Simfahamu."

Nilipoinua macho, yule mama mwenye mtoto alikuwa amesogea mbele na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nimetiwa hatiani. Faini, au kifungo cha miezi sita. Hakimu alisema umri wangu na kukiri kwangu ndivyo vilivyomfanya apunguze adhabu. Mama alilipa faini siku ile ile kwa fedha ya shule, na haikutosha, jumuiya wakamalizia. Mbwana alinyoosha mkono akauliza kuhusu haki yake, akaambiwa hapa si mahali pake, akakaa. Wakili Zubeda hakunigombeza. Alisema tu kwamba nikiomba kazi ya serikali siku moja nitaulizwa kama nimewahi kutiwa hatiani, na nitalazimika kujibu ndiyo. Kisha akamwita mwingine.

Njombe siendi. Mama alitaka kukopa, nikamwambia asikope. Sanduku tulilirudisha dukani wakalipokea, sare pia. Godoro wamelikataa kwa sababu nailoni ilishatolewa. Ninalilalia. Kuanzia kesho nitakuwa nauza vocha na sabuni kwenye kibanda cha jirani, nusu siku. Kazi yenyewe haitaki maneno mengi.

Mama anaamini uko Kamachumu. Tulipotoka mahakamani alisema, "Afadhali Reve hakuwepo, angeumia kuona." Nikasema ndiyo, Mama. Kila Theonest akirudi anamuuliza kama kuna barua yako.

Basi mwandikie yeye. Mwandikie habari za kahawa na za migomba, atafurahi. Mimi usiniandikie tena kwamba utakuja.

Ulikuja.

Mdogo wako,
Kokuberwa